Jezi Mpya ya Klabu Yako: Mwongozo Kamili wa Kuinunua, Kuanzia Uzinduzi Hadi Kuifua

Klabu ikizindua jezi mpya, mkono unawasha. Picha zinamiminika kwenye simu, wenzako wameshaanza kuagiza, na wewe unaona saizi zitaisha kabla hujafika. Nimenunua jezi za klabu yangu kwa miaka mingi, na pesa nilizopoteza sikuzipoteza kwa matapeli peke yao. Nyingi zilipotea kwenye jezi halali kabisa: saizi isiyonikaa, toleo lisilonifaa, jina lililochapishwa mapema mno. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa maamuzi yenyewe, moja baada ya jingine. Ukiruka moja, linalofuata linaharibika.

1. Jua jezi inatoka lini, na wewe unaitaka ya nini

Katika ligi zinazoanza Agosti na kumalizika Mei, jezi mpya hutoka kati ya Mei na Agosti. Ya nyumbani hutangulia, ikifuatwa na ya ugenini, kisha ya tatu. Klabu nyingine huivaa ya nyumbani kwenye mechi ya mwisho ya msimu unaoisha, ndiyo namna yao ya kuitambulisha. Katika nchi ambazo msimu huanza na kuisha ndani ya mwaka mmoja, kama Norwe na Uswidi, mzunguko huo huanza mwanzoni mwa mwaka.

Wakati mwingine jezi huchelewa kwa sababu za mikataba. Liverpool ilipohama kutoka Nike kwenda Adidas mwaka 2025, mkataba mpya ulianza Agosti 1, hivyo shabiki aliyeitaka jezi ya Adidas mwezi Juni hakuwa na la kufanya ila kusubiri. Na yeyote aliyeuziwa "jezi mpya" mtandaoni kabla ya tarehe hiyo, kwa uwezekano mkubwa aliuziwa feki.

Mambo mawili yanaweza kubadilika hata baada ya jezi kuingia dukani. La kwanza ni mdhamini wa kifuani. Chelsea walianza msimu wa 2023/24 kifua kikiwa kitupu, na jina la mdhamini likaja baadaye msimu ukiwa umeshaanza. Walionunua mapema wana jezi safi isiyo na tangazo, na wapo wanaoipenda zaidi hivyo. Waliotaka jezi inayofanana kabisa na ya uwanjani walipaswa kusubiri. La pili ni wachezaji wenyewe, na hilo nitalifikia kwenye hatua ya jina na namba.

Ukiitaka kwa ajili ya mechi ya kwanza, nunua siku za mwanzo, hasa kama saizi yako ni ile ambayo kila mtu anaivaa. Ukiwa huna haraka, nusu ya pili ya msimu bei huanza kushuka, na hushuka zaidi pale klabu inapojiandaa kubadilisha mtengenezaji au mdhamini, kwa kuwa duka halitaki kubaki na mzigo wa zamani. Hakuna ubaya wowote kuvaa jezi ya msimu ukiwa umebaki miezi mitatu. Rangi ni zile zile.

2. Chagua toleo: la wachezaji au la mashabiki

Hapa ndipo wengi wanapokosea, tena kwa kudhani ghali zaidi ndiyo bora zaidi. Karibu kila mtengenezaji mkubwa hutoa jezi moja katika matoleo mawili. La kwanza ni lile lile wanalovaa wachezaji. La pili limetengenezwa kwa ajili ya mashabiki na huwa na bei ya chini. Kwa mbali yanafanana. Yashike mkononi uone.

Toleo la wachezaji ni jepesi kiasi kwamba ukiliinua dhidi ya mwanga unaona vitundu vidogo vidogo vya kupitisha hewa, hasa ubavuni na mgongoni. Nembo ya klabu haikushonwa. Imebandikwa kwa joto, ukiipapasa inateleza kama mpira laini, na mara nyingi ni hivyo hivyo kwa nembo ya mtengenezaji. Mkato wake unabana kifua na mabega, maana umekatwa kwa mwili wa mtu anayekimbia dakika 90 na asiyetaka kitambaa cha ziada cha kushikwa na beki.

Toleo la mashabiki lina kitambaa kizito kidogo, mkato uliolegea, na kwa kawaida nembo iliyodariziwa au kufumwa na kushonewa juu yake. Majina ya teknolojia nayo yanakusaidia kutofautisha. Kwa miaka ya karibuni Nike imetumia Dri-FIT ADV kwenye za wachezaji na Dri-FIT kwenye za mashabiki. Adidas imetumia HEAT.RDY na AEROREADY, Puma ULTRAWEAVE na dryCELL. Ukisoma maelezo ya bidhaa, tafuta majina hayo kabla ya kutazama picha.

Ushauri wangu ni huu: kama jezi ni ya kukaa jukwaani, kutembea na kuvaa wikiendi, chukua ya mashabiki. Niliwahi kununua ya wachezaji kwa sababu nilitaka kile kile alichovaa nahodha wangu. Ilikuwa nzuri mno kuitazama. Lakini nembo ilianza kuinuka pembeni, kwenye kona ya chini, kama kibandiko kilicholowa, na haikurudi tena. Nembo ya kushonwa ingenifikisha mbali zaidi. Ya wachezaji ina mahali pake: kwa anayecheza ndani yake, na kwa anayeitaka kama kumbukumbu ya kutundika.

Angalia pia usije ukanunua kitu kingine kabisa. Kwenye ukurasa mmoja wa duka hukaa jezi ya mechi, jezi ya mazoezi, ile ya kupashia misuli kabla ya mechi, na toleo la kumbukumbu lenye sura ya zamani. Zote zina nembo ya klabu, na picha ndogo kwenye simu haikuambii tofauti. Soma jina la bidhaa neno kwa neno. Kuna mkato wa wanawake pia, mwembamba kiunoni na wenye mikono mifupi zaidi, na si kila mwanamke anaupendelea. Wengi huchukua ule wa kawaida.

Anayemnunulia mtoto ajue jambo moja. Nchini Uingereza, jezi za saizi za watoto haziwekwi nembo za kampuni za kamari hata kama ya watu wazima inayo. Hivyo ya baba na ya mwana zinaweza kutofautiana kifuani, na hiyo haimaanishi kwamba mojawapo ni feki. Vilevile klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa wadhamini wa kamari sehemu ya mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, kwa hiyo tofauti hiyo ni ya kukutana nayo zaidi kwenye jezi za misimu iliyopita.

3. Pima saizi, usiikisie

Herufi M ya mtengenezaji mmoja si M ya mwingine, na ya toleo la wachezaji si ya toleo la mashabiki. Njia ya uhakika inachukua dakika mbili. Chukua jezi au fulana yako inayokukaa vizuri kuliko zote. Itandaze juu ya meza, ilainishe kwa kiganja bila kuivuta. Chukua futi ya fundi na upime kutoka kwapa hadi kwapa. Tuseme umepata sentimita 54. Zidisha mara mbili: 108. Huo ndio mzunguko wa nguo inayokutosha.

Sasa fungua jedwali la saizi la jezi unayoitaka, lakini kwanza jiulize linapima nini. Majedwali mengi ya nguo za michezo yanataja mzunguko wa kifua cha mwili, si wa nguo. Kama ni la mwili, zungusha futi kifuani, chini kidogo ya makwapa, ukiwa umesimama na kupumua kawaida, halafu utumie namba hiyo. Anayechukua kipimo cha nguo na kukisoma kwenye jedwali la mwili ataishia na jezi kubwa kupita kiasi.

Ukiangukia katikati ya saizi mbili, kwenye toleo la wachezaji panda juu bila kusita. Kwenye la mashabiki amua kwa kadiri unavyopenda ikukae. Usinunue kubwa ukitegemea itarudi ikifuliwa. Jezi za siku hizi ni za poliesta, na poliesta ikifuliwa ipasavyo hairudi kama pamba.

Saizi za watoto mara nyingi hufuata kimo kwa sentimita: 128, 140, 152, 164. Mpime mtoto akiwa ameegemea ukuta bila viatu. Saizi moja juu inatosha. Mbili juu, atakuwa anaizamia msimu mzima, na atakapoifikia klabu itakuwa imeshatoa nyingine.

4. Nunua mahali sahihi

Mahali pa kwanza ni duka la klabu yenyewe. Lifikie kupitia tovuti rasmi au akaunti ya klabu iliyothibitishwa, na si kupitia tangazo lililokuvamia ukiwa unaperuzi. Matangazo ya aina hiyo ndiyo mlango mkuu wa matapeli siku za uzinduzi. Mahali pa pili ni duka la mtengenezaji, na pa tatu ni maduka ya michezo yenye leseni.

Tovuti ya kitapeli huwa na dalili zake. Anuani yake inakaribia ya klabu, ila imeongezwa neno au kistari. Ina kila saizi ya kila jezi, hata zile zilizokwisha kila mahali. Haielezi jinsi ya kurudisha bidhaa. Na ikifika kwenye malipo, inakuomba utume pesa moja kwa moja kwa mtu badala ya kulipa kwa njia inayoweza kukurudishia ukidhulumiwa. Hiyo ya mwisho peke yake inatosha kukuondoa hapo.

Jezi ikiwa mkononi, anza na lebo ya ndani. Jezi halali za watengenezaji wakubwa zina msimbo wa bidhaa, mchanganyiko mfupi wa herufi na tarakimu. Uandike kwenye mtandao kama ulivyo. Unapaswa kukuletea jezi ile ile: klabu, msimu, toleo. Ukikuletea jezi ya klabu nyingine, au suruali, umepata jibu. Watengenezaji wa feki hunakili lebo moja na kuishona kwenye jezi mia za aina tofauti.

Kisha igeuze nje ndani utazame upande wa nyuma wa nembo. Darizi nzuri ni tulivu hata kwa nyuma, haina nyuzi zinazoning'inia kutoka herufi moja hadi nyingine. Linganisha pia nembo na toleo. Jezi inayouzwa kama ya wachezaji huku ikiwa na nembo nzito ya kushonwa inastahili maswali, isipokuwa maelezo rasmi yanasema hivyo. Usihukumu kwa dalili moja, na usitulizwe na kibandiko kinachong'aa, maana nacho kinanakiliwa. Tazama msimbo, mshono, rangi na maandishi kwa pamoja.

Muuzaji akikwambia ni "kopi daraja la kwanza" au "imetoka kiwanda kile kile", amekwambia ni feki kwa lugha ya upole. Mimi sinunui, na sababu yangu si kitambaa tu. Jezi halali inaipa klabu yangu fungu lake kupitia mkataba na mtengenezaji. Kama uwezo wa jezi ya msimu huu haupo, afadhali halali ya msimu uliopita kwa punguzo kuliko feki ya msimu huu.

5. Jina na namba: hapa usikimbilie

Majira ya joto ya 2021 yalitufundisha somo hili mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Barcelona walizindua jezi mpya mwezi Juni. Agosti 5 klabu ikatangaza kwamba Lionel Messi hatabaki, na siku chache baadaye akawa mchezaji wa Paris Saint-Germain. Namba 10 ikakabidhiwa kwa Ansu Fati. Mwisho wa mwezi huo huo Cristiano Ronaldo akarudi Manchester United. Edinson Cavani ndiye aliyekuwa na namba 7 na alikuwa ameshasajiliwa nayo kwa msimu. Akaiachia, akahamia 21. Aliyekuwa ameshachapisha "CAVANI 7" ya msimu huo alibaki na jezi ya mchezaji ambaye bado yupo klabuni lakini kwa namba ambayo si yake tena.

Kwa hiyo, kama unataka jina la mchezaji, subiri dirisha la usajili lifungwe. Kwenye ligi kubwa za Ulaya hilo huwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Huwezi kusubiri? Basi tazama mkataba wake. Mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja na hajasaini mpya ni hatari, hata kama anabusu nembo kila akifunga. Aliyetoka kusaini mkataba mrefu na kupewa namba rasmi ni salama zaidi. Mchezaji mpya asubiriwe hadi klabu yenyewe itangaze namba, kwa kuwa ile aliyoshika kwenye picha ya utambulisho si lazima ndiyo atakayoivaa.

Kisha amua unataka maandishi ya mashindano gani. Ligi Kuu ya England ilileta majina na namba za kudumu msimu wa 1993/94, na tangu 1997 klabu zote hutumia mwandiko mmoja, yaani mtindo mmoja wa herufi na namba, kwenye mechi za ligi, ambao umebadilishwa mwaka 2007, 2017 na 2023. Kwenye mashindano ya Ulaya na vikombe klabu inaweza kutumia mwandiko wake yenyewe, na beji za mikononi pia ni tofauti. Ukichanganya mwandiko wa ligi na beji ya Ligi ya Mabingwa, umepata jezi ambayo haijawahi kuvaliwa na yeyote uwanjani. Wapo wasiojali. Mimi ninajali, na ukishaiona kasoro hiyo huwezi tena kutoiona.

Tarehe hizo zinasaidia hata kugundua feki. Jezi ya 2023/24 yenye namba za mwandiko wa 2017 kwa mechi za ligi haikuchapwa na mtu anayefuata utaratibu. Alama za herufi ni vivyo hivyo: jina la Ødegaard, mchezaji kutoka Norwe, lazima liwe na mstari wake kwenye Ø.

Unaweza kuandika jina lako. Liandike kwenye kisanduku taratibu, lisome kutoka mwisho kwenda mwanzo, halafu mpe mtu mwingine alisome. Sababu iko kwenye sheria. Katika Umoja wa Ulaya, anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo, lakini haki hiyo haihusu bidhaa iliyotengenezwa kwa matakwa ya mteja. Maduka ya sehemu nyingi hufuata msimamo huo huo. Ukishachapisha, kosa la saizi ni lako. Ndiyo maana mimi huagiza jezi tupu, naijaribu, na ikinikaa ndipo naipeleka kuchapwa na duka lenye herufi rasmi.

6. Kuagiza na kupokea

Kabla ya kulipa, tazama jumla ya mwisho ikiwa na usafirishaji, na kama jezi inavuka mpaka, uliza nani atalipa ushuru. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la bidhaa, toleo na saizi. Basi.

Mzigo ukifika, ufungue mahali penye mwanga wa mchana. Usikate lebo ya karatasi. Ijaribu ukiwa mkavu, bila manukato wala mafuta. Inua mikono yote miwili juu: kama kitovu kinaonekana, ni fupi. Itandaze tena na utazame namba mgongoni. Pima umbali kutoka kingo za namba hadi mishono ya ubavu, kulia na kushoto. Pitisha ncha ya kidole taratibu kwenye kingo za kila herufi, isiwepo inayonyanyuka. Kukiwa na kasoro ya kiwanda au ya uchapaji, piga picha na uwaandikie siku hiyo hiyo. Kasoro ni jambo tofauti na kubadili mawazo, na jina kuwepo mgongoni hakukunyimi haki ya kudai.

7. Kuifua ili idumu

Maandishi na nembo za kubandika zilishikishwa kwa gundi inayoamshwa na joto. Joto lile lile ndilo linaloziachisha. Ukikumbuka hilo tu, mengine yanafuata yenyewe.

Jezi iliyotoka kuchapwa ikae siku nzima kabla ya kuguswa na maji. Igeuze nje ndani kabla ya kufua, kwa mkono au kwa mashine. Maji yawe ya baridi, au nyuzi 30 kwa juu kabisa. Sabuni ya kawaida inatosha. Usitumie kilainishi cha nguo, kwani huacha utando kwenye nyuzi na kuzuia kitambaa kunyonya jasho na kulisambaza likauke. Usitumie dawa ya kung'arisha hata kama jezi ni nyeupe. Doa la nyasi au jasho la kola lisugue kwa kidole na sabuni kidogo, kwa upande wa ndani, kabla ya kuloweka. Usiikamue kwa kuisokota. Ibonyeze maji yatoke, kisha itundike kivulini ikiwa bado nje ndani. Mashine ya kukaushia kwa joto usiikaribie.

Pasi ndiyo adui mkubwa. Poliesta ya rangi iliyokolea, kama nyekundu, ikipata joto kali, rangi yake huweza kupanda na kuingia kwenye namba nyeupe, na namba ikawa na wekundu usiotoka tena. Mikunjo ya poliesta huachia yenyewe ukiitundika usiku mmoja. Ikibidi kabisa, weka pasi joto la chini, kitambaa chembamba juu yake, na pita pembeni mwa maandishi tu.

Ukiihifadhi, usiikunje katikati ya namba, wala usiache maandishi ya jezi moja yagusane na ya nyingine wakati wa joto, yatashikana. Itundike kwenye hanga pana, au iviringishe pole pole namba zikiwa nje na karatasi nyeupe katikati.